Lanji ya Pembeni kwa Ketobeli: Makalio Kwanza, Goti Litafuata

Mazoezi mengi ya miguu huenda mbele na nyuma, au juu na chini. Kuchuchumaa, kukimbia, kupanda ngazi, lanji ya kawaida: yote yako kwenye mstari mmoja. Lakini beki anapomfuata winga aliyekata kona ghafla, mchezaji wa netiboli anapoupora mpira pembeni, au abiria anaposhuka kwenye daladala ambayo haijasimama sawasawa, mwili huenda upande, na misuli ya ndani ya paja ndiyo inayoshika breki. Misuli hiyo isipozoea kuvutika ikiwa na mzigo, huweza kuchanika siku ambayo mzigo unakuja bila taarifa. Lanji ya pembeni, yaani kupiga hatua upande, kukunja goti la mguu huo na kuuacha mwingine umenyooka, huizoesha kazi hiyo hasa, na pamoja nayo hufanya kazi makalio, misuli ya pembeni ya nyonga inayozuia goti lisiyumbe, na misuli ya mbele ya paja.

Zoezi hili ni la nyonga. Goti linakunjwa, ndiyo, lakini goti likitangulia kila kitu kinaharibika: kisigino kinanyanyuka, mgandamizo unahamia chini ya kilegesambwa (kile kifupa cha mbele ya goti), na misuli ya ndani ya paja haipati kazi yoyote ya maana. Makosa mengi yatakayoelezwa hapa chini ukiyafuatilia utakuta yanaanzia hapo, na yaliyobaki yanaanzia kwenye urefu wa hatua. Ukiyajua mambo hayo mawili vizuri, mengine ni marekebisho madogo.

Chuma, sakafu na viatu

Ketobeli ni tufe la chuma lenye mkono juu yake. Asili yake ni Urusi, ambako uzito ulihesabiwa kwa pudi. Pudi moja ni kilo 16.38, na ndiyo maana mpaka leo namba zinazotajwa sana ni 16, 24 na 32. Siku hizi zinauzwa pia za kilo 4, 6, 8, 10, 12 na kuendelea. Zile za mashindano huwa na ukubwa uleule hata uzito ukibadilika, na hutambulika kwa rangi: waridi ni kilo 8, buluu 12, njano 16, zambarau 20, kijani 24, chungwa 28 na nyekundu 32. Ukiingia jimu yenye vifaa vya Marekani utakuta namba za ratili: 18 ni karibu kilo 8, 26 ni karibu kilo 12, 35 ni karibu kilo 16. Tazama kipimo kilichoandikwa kando ya namba kabla hujainua.

Mwanamke ambaye hajazoea kubeba chuma aanze na kilo 6 au 8, mwanaume na 8 au 12. Anayechuchumaa na kilo 80 mabegani atazidharau namba hizi, na ndiye anayeumia kinena wiki ya kwanza. Huku mguu mmoja unapokea sehemu kubwa ya mwili pamoja na chuma, na mguu wa pili unavutwa katika pembe ambayo kuchuchumaa hakuifikii kabisa. Nguvu za mbele ya paja huenda unazo tele. Za ndani ya paja bado.

Kama huna ketobeli, dumu la lita 5 linatosha kuanzia. Likijaa maji ni zaidi kidogo ya kilo 5, likijaa mchanga mkavu linakaribia kilo 8. Lijaze mpaka mdomoni, maana maji yanayocheza ndani yanakuvuta upande kila unapohama. Kifuniko kikaze, ulikumbatie kifuani kwa mikono miwili badala ya kulishika kwa mkono wake.

Sakafu iwe kavu na isiteleze. Vigae pamoja na soksi ni hatari, na sakafu ya saruji yenye vumbi laini inateleza kuliko inavyoonekana. Mkeka usiogandishwa chini ndio mbaya zaidi, kwa sababu unakimbia na mguu wako wakati uzito uko njiani. Fanya pekupeku au kwa viatu vyenye soli bapa na ngumu. Viatu vya kukimbilia vyenye soli nene ya sponji vinazama upande mmoja ukikanyaga kwa nguvu, na goti linafuata upande huohuo. Ndala weka pembeni.

Kupasha mwili

Dakika tano au sita zinatosha. Tembea haraka au kimbia palepale kwa dakika mbili, kisha fanya mambo matatu.

La kwanza, piga magoti na mikono chini, nyoosha mguu mmoja upande ukiwa sambamba na goti la pili, unyayo wote ukiwa sakafuni. Rudisha makalio taratibu kuelekea kisiginoni, halafu rudi. Mara 8 kila upande. Hapa utaanza kuisikia misuli ya ndani ya paja ikivutika, na utajua upande upi ni mgumu kuliko mwingine. Karibu kila mtu ana upande mmoja mgumu.

La pili, pima kifundo cha mguu. Simama ukitazama ukuta, kidole gumba cha mguu kiwe sentimita 10 kutoka ukutani, kisha peleka goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Rudia mara 10 kila mguu. Goti lisipofika, kifundo chako kimekaza, na ukijilazimisha kushuka chini sana kisigino kitanyanyuka hata kama mengine yote umeyafanya sawa. Kwa sasa weka kipande cha ubao chenye unene wa sentimita 1 au 2 chini ya kisigino cha mguu unaokunjwa, na uendelee kukilegeza kifundo kila siku. Ubao huo unafaa tu kwa zoezi la kuhama bila kupiga hatua, linaloelezwa hapa chini. Usikanyagie ubao ukiwa unatua kutoka juu.

La tatu ni zoezi lenyewe bila uzito, mara 5 kila upande, taratibu.

Kupima urefu wa hatua

Watu huipuuza sehemu hii, kisha wanahangaika na goti kwa miezi. Simama wima, papasa pembeni mwa nyonga mpaka uukute mfupa unaochomoza juu ya paja. Umbali kutoka kwenye mfupa huo mpaka sakafuni ndio uanzie nao kati ya unyayo mmoja na mwingine. Kwa wengi unakuwa kati ya sentimita 80 na 95. Weka alama mbili sakafuni kwa chaki au utepe.

Sasa simama juu ya alama zote mbili, nyayo zikitazama mbele, hamishia makalio nyuma na kulia, kunja goti la kulia na uache la kushoto limenyooka. Mtu akikutazama kwa mbele, muundi wa kulia, yaani mfupa wa mbele ya mguu chini ya goti, unapaswa kusimama wima. Ukilalia nje, yaani goti limepita unyayo kwa upande wa nje, hatua yako ni fupi: ongeza sentimita 5. Ukilalia ndani, hatua ni ndefu mno, au goti limelegea. Mguu wa kushoto nao utakupa jibu lake. Ukingo wa nje wa unyayo ukinyanyuka kutoka sakafuni, umejitanua kupita uwezo wa kinena chako. Punguza sentimita 5 na ujaribu tena. Alama ukishazipata, fanyia kazi hapohapo kwa wiki kadhaa. Mguu unajifunza umbali kwa kuurudia.

Mshiko

Inua ketobeli kutoka chini kwa kukunja nyonga, mgongo ukiwa umenyooka, usije ukaumia kabla zoezi halijaanza. Shika nguzo mbili za mkono wake, kushoto na kulia, tufe likiwa chini. Isogeze mpaka iguse mfupa wa kifua, upande wa juu wa mkono wake ukiwa chini kidogo ya kidevu. Viwiko vielekee chini, karibu na mbavu. Vikipanuka kama mabawa, mabega ndiyo yanayobeba na yatachoka kabla ya miguu.

Chuma kinakaa mbele kwa sababu moja kubwa: kinasawazisha makalio yanayokwenda nyuma. Bila uzito wowote wengi huhisi wataanguka chali wakirudisha makalio, hivyo wanayaacha pale pale na kusukuma goti mbele. Ukimpa mtu huyohuyo kilo 6 kifuani, mara nyingi anarekebika mwenyewe bila kuambiwa neno. Kwa hiyo usishangae zoezi likiwa rahisi zaidi na chuma chepesi kuliko mikono mitupu.

Kuhama bila kupiga hatua

Usianze na hatua. Kwa wiki mbili za mwanzo simama juu ya alama zako, miguu imetanuka tayari, na uhame kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila nyayo kuondoka sakafuni. Shuka kulia, rudi katikati mpaka miguu yote inyooke, shuka kushoto. Hakuna kutua, hakuna kusukuma kurudi, kwa hiyo akili yote inabaki kwenye nyonga. Ukiweza mara 8 kila upande katika seti tatu, visigino vyote vikiwa chini na mgongo umenyooka, uko tayari kwa lanji kamili. Mtu mzima ambaye magoti yake yana historia anaweza kubaki kwenye zoezi hili moja kwa moja na asikose chochote cha maana.

Lanji kamili, hatua kwa hatua

1. Simama nyayo zikiwa chini ya nyonga, unyayo wa kushoto juu ya alama yake, vidole vikitazama mbele. Ketobeli iguse kifua. Tazama sakafu mita mbili au tatu mbele yako.

2. Vuta pumzi kwa pua, ijaze tumbo na mbavu za pembeni, kisha kaza tumbo. Usilivute ndani.

3. Nyanyua mguu wa kulia sentimita chache tu na uupeleke upande mpaka kwenye alama. Kiuno kiendelee kutazama mbele. Unyayo utue wote karibu kwa pamoja, vidole vikitazama mbele au vikigeuka nje kidogo tu.

4. Unyayo ukishagusa, peleka makalio nyuma na kulia, kama mtu anayesukuma mlango wa jikoni kwa makalio kwa sababu mikono imeshika sufuria. Goti likunjike likifuata kidole cha pili cha mguu. Kifua kitainama mbele. Kiache kiiname, ilimradi mgongo ni mstari mmoja kuanzia kiunoni mpaka shingoni. Kushuka kuchukue sekunde mbili au tatu.

5. Simama chini kwa sekunde moja. Mguu wa kushoto umenyooka kabisa, unyayo wake wote uko sakafuni na vidole vinatazama mbele.

6. Sukuma sakafu kwa unyayo mzima wa kulia, chini na kuelekea nje, ukitoa pumzi kwa mdomo. Rudi mahali ulipoanzia kwa mruko mmoja mdogo wa mguu, bila kuuburuta na bila kukanyaga katikati. Simama wima, kaza makalio, vuta pumzi upya.

Kina kinachotakiwa ni paja kukaribia usawa wa sakafu. Lakini kikomo chako wewe ni pale mgongo wa chini unapoanza kujikunja au kisigino kinapotaka kunyanyuka, chochote kitakachotangulia. Ikiwa hapo ni nusu ya njia, fanya nusu ya njia. Kina huongezeka chenyewe wiki ya tatu au ya nne misuli ya kinena ikianza kuachia.

Yanayoharibika, na kwa nini

Goti kutangulia. Dalili ni kisigino chepesi, kiwiliwili kilichosimama wima kabisa, na mkandamizo mbele ya goti. Kwa sehemu, lawama ni ya makocha wanaopiga kelele ya "kifua juu!" kwa kila zoezi. Mwenye kifua wima hawezi kupeleka makalio nyuma. Angefanya hivyo angeanguka. Dawa yake ni kiti cha kawaida, chenye urefu wa sentimita 45 hivi. Kiweke nyuma na upande wa mguu unaopiga hatua, makalio yakiguse kwa wepesi kila unaposhuka, usikalie. Ukikikosa kiti, ulipeleka goti mbele badala ya makalio nyuma. Baada ya seti mbili tatu mwili unaelewa, kiti kinaondolewa.

Goti kuanguka ndani. Hili ndilo linaloonekana zaidi na ndilo linalorekebishwa vibaya zaidi. Kumwambia mtu "toa goti nje" kunamfanya auinue ukingo wa ndani wa unyayo, akabaki amesimama juu ya kidole kidogo, na sasa ana makosa mawili. Anza chini kwenda juu. Unyayo una sehemu tatu za kukanyagia: shina la kidole gumba, shina la kidole kidogo, na kisigino. Zote tatu zibaki na uzito muda wote. Kisha tazama hatua, kwa kuwa hatua ndefu kupita kiasi inalivuta goti ndani hata kwa mtu mwenye nguvu. Kisha tazama uzito. Kama goti ni imara kwenye marudio manne ya mwanzo na linaanza kuingia kwenye la tano na la sita, misuli ya pembeni ya nyonga imechoka. Hilo ni suala la kilo tu: shusha chuma au simamia marudio manne.

Mgongo kujikunja chini kabisa. Mara nyingi ni tamaa ya kina. Fanya kipimo hiki bila ketobeli: shika fimbo ya ufagio wima mgongoni, iguse kisogo, katikati ya mabega na mfupa wa mkia. Shuka taratibu mbele ya kioo au kamera. Mahali ambapo fimbo inaachana na moja ya sehemu hizo tatu ndipo kikomo chako. Ukirudi kwenye chuma simama sentimita 5 juu yake. Sababu ya pili ni ketobeli kuondoka kifuani. Sentimita 15 tu mbele ya kifua zinatosha kuufanya mgongo ufanye kazi ya kuuzuia mzigo usianguke, na mikono ikichoka hiyo ndiyo safari ambayo chuma hupenda. Kikiondoka mara mbili katika seti moja, seti imekwisha.

Kiwiliwili kugeuka. Mtu anapiga hatua kulia, kiuno kinageuka kulia, na lanji ya pembeni inakuwa lanji ya mbele iliyopotea njia. Misuli ya ndani ya paja inapumzika, na wewe unahisi umeweza kwenda chini sana. Simama ukitazama ukuta. Mabega mawili na mifupa miwili ya mbele ya kiuno viutazame ukuta mwanzo hadi mwisho.

Mguu wa pili kukunjika au vidole vyake kugeuka nje. Huo mguu ulionyooka haupumziki, ndio unaovutwa ukiwa na mzigo, na hiyo ni nusu ya faida ya zoezi. Kaza misuli ya mbele ya paja lake kwa makusudi, kilegesambwa kipande juu kidogo, goti litabaki limenyooka.

Kurudi kwa kujirusha. Anayerudi kwa kutupa kiwiliwili upande wa pili, au kwa hatua mbili badala ya moja, hajasukuma sakafu. Ama uzito ni mkubwa, ama alianza kunyanyuka kabla makalio hayajakaa. Ile sekunde moja ya kusimama chini inatibu tatizo hili kuliko maelezo yoyote, kwa kuwa inaondoa mdundo na kuilazimisha misuli ianze kazi kutoka sifuri.

Macho yako hayatakuonyesha mengi ya haya ukiwa ndani ya zoezi. Egesha simu kwenye usawa wa goti, mara moja mbele na mara moja upande, rekodi marudio mawili. Kwa mbele tazama goti na muundi. Kwa upande tazama kisigino na mgongo. Kurekodi kutoka juu kifuani hakusaidii kitu.

Seti, marudio na jinsi ya kupanda

Wiki mbili za kuhama bila hatua, seti 3 za marudio 6 hadi 8 kila upande. Kisha lanji kamili: seti 2 za marudio 6 kwa wiki ya kwanza, halafu seti 3. Pumzika sekunde 60 hadi 90 kati ya seti. Mara mbili kwa wiki zinatosha, na siku mbili kamili katikati, mfano Jumatatu na Alhamisi. Kwa anayejifunza ni afadhali kumaliza marudio yote ya upande mmoja kabla ya kubadili, ili unyayo uzoee alama ile ile. Anzia upande dhaifu, na upande wenye nguvu ufuate idadi hiyohiyo, usizidishe. Kubadilishana kulia na kushoto kila rudio kunakuja baadaye, na kunapandisha mapigo ya moyo zaidi.

Ugumu wa ketobeli ni kwamba ngazi zake zina mruko mkubwa. Kutoka 8 kwenda 12 umeongeza nusu nzima ya mzigo. Kutoka 12 kwenda 16 umeongeza theluthi. Kwa hiyo usipande kwa sababu wiki imekwisha. Panda marudio kwanza, kutoka 6 hadi 10 kila upande. Halafu punguza mwendo: sekunde nne kushuka, mbili kusimama chini. Ukiweza seti 3 za marudio 8 kwa mwendo huo bila goti kutikisika, chukua chuma kinachofuata na urudi kwenye marudio 5.

Katika siku yako ya miguu, liweke zoezi hili mapema, baada ya kupasha mwili au mara tu baada ya zoezi moja zito. Mwishoni, miguu ikiwa imechoka, goti ndilo la kwanza kusahau njia.

Maumivu

Siku ya kwanza na ya pili baada ya zoezi la mwanzo, ndani ya mapaja patauma ukishuka ngazi au ukiketi chini. Hayo ni ya kawaida na hupungua ndani ya siku tatu. Yasiyo ya kawaida ni maumivu makali ya ghafla kinenani wakati wa zoezi, maumivu karibu kabisa na mfupa wa mbele wa nyonga, au maumivu yanayorudi ukikohoa au kupiga chafya. Acha, na umwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Kubanwa mbele ya nyonga unapofika chini kunaweza kuisha ukigeuza vidole nje nyuzi kumi au kumi na tano na kupunguza kina, kusipoisha, usilazimishe. Mjamzito mwenye maumivu ya mfupa wa kinena aepuke mazoezi yote ya kutanua miguu, hili likiwemo. Aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa goti au nyonga aulize kwanza.

Kulifanya gumu zaidi

Ukizoea, badilisha mahali pa chuma kabla ya kuongeza kilo. Ishike ketobeli kwa mkono mmoja ikining'inia pembeni, mkono wa upande usiopiga hatua: ukipiga hatua kulia, chuma kiwe kushoto. Sasa misuli ya pembeni ya tumbo inalazimika kuzuia kiwiliwili kisivutwe, na kilo 12 ambazo zilikuwa nyepesi kifuani zinakuwa kazi upya. Isiguse sakafu wala isiyumbe.

Njia ya pili haihitaji chuma kizito kabisa. Weka kitambaa kikavu chini ya unyayo mmoja kwenye sakafu laini, usimame kwa mguu mwingine, kisha utelezeshe mguu wa kitambaa upande huku ukikunja goti la mguu uliosimama. Ukirudi, uvute mguu huo kwa misuli ya ndani ya paja. Mara 5 kila upande zitatosha kukueleza hali ya kinena chako. Wacheza mpira wanaotaka kukinga kinena zaidi huongezea zoezi la Copenhagen: unalala ubavu, mguu wa juu unashikwa na mwenzako au unawekwa juu ya benchi, kisha unanyanyua nyonga kutoka chini.

Mwisho kuna zoezi la Kosaki (kwa Kiingereza Cossack squat), ambayo wengi huichanganya na lanji ya pembeni. Nyayo hazihami, unashuka mpaka makalio yakaribie kisigino, na mguu ulionyooka unageuka ukasimama juu ya kisigino, vidole vikitazama juu. Inadai kifundo na nyonga vilivyofunguka sana. Usiiguse mpaka uweze lanji ya pembeni marudio 10 kila upande, paja likifika usawa wa sakafu. Ukiianza, anza bila uzito ukishika mlango au nguzo mbele yako, kisha kilo 4 au 6 zilizonyooshwa mbele kidogo ili zikusawazishe, na uzito unaotumia kwenye lanji usiulete huku mpaka wiki nne au tano zaidi zipite.